Kilichomtoa Barengayabo Nyarukere

Pontien wa Musaga alikuwa mtu wa makaratasi. Si wa vitabu. Vitabu ni kitu kingine, vinataka kusomwa. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza ile ile ya wizara moja mjini Bujumbura, akipokea barua za watu, akizipiga muhuri, akizitia kwenye faili, faili akizitia kabatini, na kabati akilifunga kwa ufunguo alioutundika shingoni kama padri na msalaba wake. Vita vilimkuta kwenye meza hiyo. Watu walikimbia, wengine wakarudi, serikali zikabadilika, mabomu ya Julai 2003 yakaanguka mpaka Musaga kwenyewe, na mara tu ofisi zilipofunguliwa tena Pontien alikuwa kitini, kalamu mbili mfukoni, anamuuliza mama mmoja mwenye bandeji kichwani kama barua yake ina tarehe.

Alikuwa amesoma seminari. Hilo mgeni alilisikia kabla hajaonyeshwa kiti. Ilikuwa miaka miwili tu, kisha mapadri wakamrudisha kwa baba yake na barua ya maneno matamu, lakini hiyo miwili Pontien aliinyoosha ikafika mbali, kama mama mwenye unga kidogo na wageni wengi. Hata jogoo wake alimpa jina la Kilatini, akamwita Dominus, yaani Bwana. Krismasi ya mwaka 2002 wakamla kwa jina hilohilo.

Mtu wa namna hii ukimwambia afanye utafiti, umempa ugonjwa.

Aliyempa ni Mzee Révérien wa Mutanga Nord, mwaka 2004. Mtoto wa kwanza wa Pontien, Valéry, kijana mrefu na mpole aliyekuwa akitengeneza simu karibu na soko kuu, alikuwa amempenda Raïssa, binti wa Mutanga Nord. Musaga iko kusini, Mutanga Nord iko kaskazini, katikati kuna mji mzima na vizuizi vya askari, na hata hivyo walionana. Baba wa Raïssa alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la ukoo lilikuwa mdomoni mwa Révérien, baba yake mkubwa, mkaguzi wa shule aliyestaafu lakini hakuacha kukagua. Wiki sita kabla ya siku ya kuposa alimwita Pontien barazani kwake, akamkalisha, asimpe hata maji.

"Mesye Pontien," akasema, "kijana wako hana neno. Tumemuuliza huku na huku, hana neno. Neno liko nyuma yake. Sisi asili yetu ni Mugamba, kilima cha pili kutoka Nyarukere. Nyinyi ni watu wa Nyarukere?"

"Wa Nyarukere kabisa," Pontien akajibu, akivuta koti.

"Mlikuwa. Kuna mzee wenu mmoja, Barengayabo, alihama."

"Babu yangu mzazi!"

"Ndiyo huyo. Sasa mtu wa Mugamba haachi maji yake ya baridi hivi hivi, akashuka kulala na mbu kule uwanda wa Imbo. Kwetu wanasema aliondoka kwa sababu alimpa mtu pombe."

"Kumpa mtu pombe ni kosa, Mzee?"

"Inategemea aliyekunywa aliamka lini."

Burundi nzima inajua maana ya maneno hayo. Kuna watu wanaoitwa abarozi, watia sumu, na mtu akishapakwa jina hilo hata wajukuu wake watakunywa peke yao. Ndiyo maana mwenye pombe huionja yeye kwanza mbele ya wageni, ndipo wao waguse.

"Dada zangu wamekataa," Révérien akaendelea. "Wanasema hawatoi mtoto kwenye nyumba ambayo hawataweza kunywa. Mimi nimewaambia tusikilize. Siku ya kuposa, kabla hatujafungua hata chupa moja, utasimama utueleze babu yako aliondoka kwa nini. Ukieleza ikaeleweka, tunakunywa, mtoto ni wenu. Isipoeleweka, mnapanda gari na kreti zenu, mnarudi Musaga."

Mtu mwingine angeondoka pale na moyo mzito. Pontien aliondoka akipiga mluzi. Kumbe kuna mtu duniani aliyetaka kumsikiliza akieleza jambo, tena amesimama! Njiani alinunua daftari la kurasa tisini na sita, na usiku haujaingia alikuwa ameandika jaladani, kwa rula, RECHERCHES, utafiti kwa Kifaransa, akapiga mistari miwili chini yake.

Mkewe Concilie, aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Musaga na hakuwa na muda wa mistari, alilitazama daftari.

"Baba Valéry, huyo Barengayabo si ndiye aliyemzaa baba yako? Hukuwahi kuuliza?"

"Nilikuwa nasoma."

"Miaka miwili?"

Ukweli ni kwamba katika nyumba yao hakuna aliyejua kitu. Walijua tu kwamba mnamo mwaka 1951, Wabelgiji walipoukata uwanda wa Rusizi kule Imbo vipande vipande kando ya barabara zilizonyooka ambazo mpaka leo zinaitwa transversale, na kila familia ikapewa shamba, nusu lake pamba na nusu chakula, Barengayabo alishuka kutoka milimani na mke na watoto na majembe matatu. Alikufa Pontien hajazaliwa. Bibi alikufa Pontien yuko seminari. Na baba yake Pontien, aliyeshuka na mzee akiwa mtoto, alikuwa na tabia ya kujibu swali lolote kwa kukohoa, akakohoa hivyo mpaka mwaka 1988 walipomzika.

Kupanda Nyarukere kwenyewe kuuliza? Barabara ya Mugamba inaanzia pale pale Musaga, karibu na lango la Pontien. Lakini miaka ile magari yalipanda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, na siku nyingine gari la katikati halikufika. Pontien aliwahi kwenda kwa miguu mpaka kizuizi cha mwisho, akasimama na askari waliokuwa wakichoma mahindi, akatazama milima kwa muda, akageuka. Jioni aliandika ukurasa mzima na robo. Kichwa chake: "Safari ya Utafiti."

Hata hivyo vita vilikuwa vimemfanyia hisani moja ambayo hakustahili: vilikuwa vimeishusha Nyarukere mjini. Wazee waliokimbia kilima kile walikuwa wamejaa Musaga na Kanyosha, wamekaa nyuma ya nyumba za wapwa zao, hawana shamba la kulima wala ng'ombe wa kutazama. Walikuwa na kazi moja tu, kukumbuka. Kilichobaki ni kuwauliza.

Na kwenye kuwauliza ndipo msomi wetu alipoharibu.

Kwa mzee huendi mikono mitupu. Pontien akabeba kreti ya bia. Hapo hajakosea, ndivyo inavyotakiwa. Lakini kuna kanuni nyingine, aliyoijua tangu anatambaa akaisahau wiki ileile alipoihitaji: anayekunywa bia ya mtu hawezi kuwasema vibaya wafu wa mtu huyo. Haiwezekani. Chupa ikiwa mezani, marehemu wote wa mwenye chupa walikuwa watu wazuri. Chupa zikiisha, mnazungumza habari za mvua. Kumpelekea mtu bia halafu kumuuliza kama babu yako alitia sumu ni kumziba mdomo kwa mkono mmoja na kumwambia aseme kwa mkono mwingine.

Wa kwanza alikuwa Salvator, mzee wa Kanyosha, aliyekaa kwenye kibanda nyuma ya jiko la binti wa dada yake. Kreti iliingia kwanza, Pontien akafuata, akaonja, akamimina.

"Barengayabo!" Salvator akasema baada ya chupa ya kwanza. "Eeh, mutu muzuri. Muzuri sana."

Chupa ya pili: "Alikuwa rafiki ya shefu. Wanakula pamoja, wanacheka pamoja."

Ya kumi: "Siku ile anaondoka, shefu mwenyewe alilia. Niliona kwa macho."

"Sasa aliondoka kwa nini, Mzee?" Pontien akauliza, kalamu juu.

"Kwa nini?" Salvator akatazama kreti kwanza, kisha uso wa Pontien, aone ni jibu gani lingeufurahisha. "Alitumwa! Wazungu walitafuta mutu mwenye akili ya kuongoza wengine kule chini. Wakasema, nani ataweza? Watu wote wakasema, Barengayabo. Tena alikuwa ameua chui."

Pontien karibu aanguke kitini. "Chui wangapi?"

Salvator akatazama kreti tena. Zilibaki chupa mbili.

"Wawili," akasema.

Wa pili alikuwa Jovithe, jirani yake wa Musaga, aliyewahi kuwa mpima pamba huko uwandani. Jovithe alizaliwa mwaka uleule Barengayabo alioshuka, lakini hilo halikumzuia kukumbuka. Kwa kumbukumbu ya Jovithe, chui hawakuwepo. Kilichokuwepo ni ng'ombe. Barengayabo alikuwa na ng'ombe wengi mno hata Nyarukere ikawa ndogo, wakilala wengine mkia umening'inia kwa jirani, ndipo akasema afadhali nihame kuliko kugombana na watu. Ng'ombe wangapi? Kwenye chupa ya kwanza walikuwa ishirini. Kreti inakwisha, walikuwa sitini.

Sasa mtafiti mwingine akipata sababu mbili zinazopingana angekuna kichwa. Pontien alizijumlisha. Aliandika kwamba Barengayabo, muuaji wa chui wawili, alitumwa na serikali kwenda kuongoza uwanda, akashuka na ng'ombe sitini, shefu akilia nyuma yake. Akamsomea mkewe kwa sauti, mkono mmoja kiunoni.

Concilie alikuwa anapepeta ndagala. Hakusimamisha ungo.

"Na hao ng'ombe walikwenda wapi?"

"Hiyo ni sura nyingine."

"Mi niliolewa kwenye nyumba hii nikakuta mbuzi mmoja. Na mbuzi mwenyewe alikuwa wa jirani, ameingia kula maganda." Akapepeta. "Baba Valéry, yule mzee alikuuliza habari ya pombe. Kwenye kurasa zako zote mbona sisikii pombe?"

"Pombe itajijibu yenyewe, mbele ya ukubwa wa mtu."

"Haya, ukubwa," Concilie akasema.

Valéry alikuwa mlangoni, anasikia. Alikuwa amekonda wiki zile. "Papa," akasema taratibu, "mi sina shida ya chui. Shida yangu ni Raïssa." Pontien akamwambia kwamba siku moja atashukuru.

Aliyeipata njia ni Concilie, na hakuwa hata anaitafuta. Alikwenda Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini, kuagiza godoro la maharusi, maana yeye aliamua kuamini kwamba harusi itakuwepo. Alikwenda kwa Bibi Mwantum, mjane wa Kiislamu ambaye Buyenzi nzima ililalia magodoro yake. Mama mkavu, mwenye mikono mirefu, anayechambua pamba kwa kuipiga fimbo mpaka inapanda kama povu la maziwa. Alipoulizwa godoro ni la ukoo gani, Concilie akataja Barengayabo. Fimbo ikasimama.

"Barengayabo wa transversale ya tatu? Mwenye mke mwenye mwanya?" akasema Mwantum. "Wallahi! Yule mama alilala kwetu miezi mitatu. Baba yangu Uthmani alikuwa na duka la chumvi na sabuni kule sokoni uwandani. Waliposhuka hawana hata nyumba, walilala stoo yetu. Mi nilikuwa mutoto wa miaka kumi, nilikuwa naye kutwa nzima, tunachambua pamba pamoja."

Pontien alipoletewa habari hiyo alicheka kwa pua. Historia ya Nyarukere iko kwa mshona magodoro wa Buyenzi? Yeye aliyesoma Kilatini aende kukaa chini afundishwe na mama wa pamba? Akakataa siku mbili. Siku ya tatu akasema ataenda, lakini kwa ajili ya nyongeza tu, ukurasa wa mwisho. Na akaenda, jamani, akiwa na kreti ya bia juu ya baiskeli. Mkono umezoea. Mtu mzima, mzaliwa wa nchi, anasukuma kreti ya bia katikati ya Buyenzi, adhana ya alasiri inaita, mpaka kwenye lango la mjane wa Kiislamu.

Mwantum alisimama mlangoni, akaitazama kreti, akamtazama yeye.

"Hiyo ya nani?"

"Zawadi, mama yangu. Kidogo tu."

"Ya nani? Hapa kwangu hata paka hanywi."

Vijana wa gereji ya jirani waliacha funguo zao chini wakacheka vizuri. Pontien akaiegesha baiskeli ukutani, akavua koti akaifunika kreti ile, akaingia na shati, bila koti, bila zawadi. Akapewa chai ya tangawizi na mkeka.

"Bibi yako aliipenda chai hii," Mwantum akasema. "Haya, unataka nini?"

Akamweleza. Akafungua daftari, akataja serikali, akataja chui, akataja ng'ombe. Mwantum alimsikiliza mpaka ng'ombe wa mwisho.

"Apana," akasema. Akachukua fimbo yake akaendelea na pamba. "Babu yako hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na shamba. Alikuwa umugererwa. Unajua maana?"

Pontien alijua. Umugererwa ni mtu asiye na ardhi, anayelima juu ya ardhi ya bwana, na kwa hiyo ardhi anamlimia bwana, anamjengea bwana, na bwana akitaka pombe ya ndizi anampikia pombe. Alijua, ila hakuwa ameliandika popote.

"Basi," Mwantum akasema. "Yule bwana wao alipenda pombe kupita kiasi. Mwaka ule anatarajia wageni, akaagiza mutungi. Bibi yako ameuweka siku moja tu, bado unachemka wenyewe, unapiga mapovu. Watu wa bwana wakaja kuuchukua. Bibi yako akasema, ngojeni, haijaiva, itawaharibu. Wakasema bwana hangojwi. Wakabeba. Babu yako akafuata nyuma, maana mwenye pombe lazima aonje. Wamefika, akaonja yeye kwanza, mbele ya watu, kikombe kizima. Bwana akachukua mrija, hakungoja wageni, akakaa nayo." Fimbo ikapiga. "Kabla jua halijasimama, wote wawili wako kwenye migomba. Bwana migomba ya huku, babu yako migomba ya kule. Na wageni ndiyo wanafika."

Pontien alikuwa ameacha kuandika.

"Bibi yako kila akifika hapo alikuwa anacheka mpaka machozi," Mwantum akasema. "Halafu hachekagi tena. Kwa sababu mutu mukubwa hawezi kusema, nimehara kwa tamaa yangu. Bwana akasema, nimetiliwa sumu. Basi. Nani atabisha? Toka siku ile hakuna aliyekunywa kwao. Jembe likivunjika hakuna wa kuwaazima. Mutoto wao, baba yako huyo, akienda kwa watu kuomba maji, wanamwambia kisima kiko kule. Miezi miwili. Halafu akaja mutu wa Wazungu na ngoma, anasema kule Imbo kuna mashamba, kila mutu lake, hakuna bwana. Hajamaliza kusema, babu yako amenyoosha mkono. Hakuuliza hata kama kuna mbu."

Gereji ikasikika ikigonga bati.

"Mama," Pontien akasema, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imemwacha, "unataka nikayaseme hayo Mutanga Nord?"

"Mi sitaki kitu. Wewe ndiye uliyekuja na daftari."

"Nitasemaje kwamba babu yangu..."

"Alihara. Ndiyo."

"Tunaweza kusema aliumwa tumbo."

"Bibi yako hakusema aliumwa tumbo."

Alirudi Musaga na kreti yake nzima, kurasa za Mwantum nyeupe. Alimwambia mkewe kwamba yule mama ni mzee sasa, amechanganya watu. Lakini Concilie alikuwa mwanamke wa sokoni, alijua kuuliza. Alimtoa habari yote kipande kwa kipande, na alipofika kwenye kikombe kizima akaweka ungo chini.

"Alionja kwanza?"

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Akanywa kikombe, akaugua kama mwenzake? Baba Valéry! Mtia sumu anakunywa sumu yake? Si hii ndiyo habari wanayoitaka? Imekwisha! Mtoto ameoa!"

"Mama Valéry, kuna vitu havisemwi mbele za watu. Umugererwa. Migombani. Mbele ya mkaguzi!"

"Na mwanao?"

Pontien akasema kwamba ana kurasa kumi na moja, na kurasa kumi na moja zitatosha.

Siku ya kuposa ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, mapema hivyo ili watu wa Musaga wafike kwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea. Kwenye sebule ya Mutanga Nord shangazi wanne wa Raïssa walikaa safu moja, mikono mapajani, vitambaa begani. Katikati mtungi wa pombe ya ndizi uliotoka Musaga, mirija imesimama ndani yake. Ukutani kreti za bia, hazijafunguliwa. Watu wenye akili huleta msemaji, mzee mwenye ulimi, baba akakaa kimya na heshima yake. Pontien alikataa msemaji. Alisimama mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote, akafungua daftari, akasoma.

Alisoma serikali. Alisoma shefu akilia. Alipofika kwa chui wa pili, Révérien akainua kidole, kama darasani.

"Chui alifuata nini Nyarukere? Kule juu nimekulia mimi. Kuna ng'ombe na mvua ya mawe."

Shangazi mmoja akakohoa. Pontien akaruka aya mbili, akaingia kwenye ng'ombe sitini.

"Mesye," Révérien akasema, sasa bila kidole, "umugererwa mwenye ng'ombe sitini? Shamba la kulima hana, malisho anayapata wapi?"

Kwa hiyo walijua. Walikuwa wamejua siku zote yule mzee alikuwa nani. Kitu kimoja tu ndicho walichokuwa hawajui. Pontien akasikia jasho likimshuka mgongoni chini ya koti. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kana kwamba jibu limelala humo ndani, na humo ndani kulikuwa na chupa kumi na mbili za Salvator na kumi na mbili za Jovithe.

"Nilikuuliza neno moja," Révérien akasema. "Aliyekunywa ile pombe alipatwa na nini? Kama hujui, sema hujui. Tunaheshimiana, mnabeba vitu vyenu, hakuna ugomvi."

Shangazi mkubwa kuliko wote alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa chake, taratibu, kama mtu anayetaka kusimama. Pontien akamtazama Concilie. Concilie hakumsaidia, alimkazia macho tu. Akamtazama Valéry. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake, viatu vipya, na masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu kama siku aliyofeli mtihani wa kwanza wa maisha yake, akiwa na miaka saba, akakaa vilevile ukingoni mwa kitanda.

Pontien akaanza kwa Kifaransa. Kifaransa kikamkatikia njiani. Akafunga daftari.

"Alihara," akasema.

"Anasemaje?" shangazi mkubwa akauliza.

"Alihara!" Sasa ilitoka kwa sauti aliyokuwa akiwaitia watu dirishani. "Yeye na bwana wake! Siku moja, migomba miwili! Pombe haikuwa imeiva, bibi yangu aliwakataza, wakaibeba kwa nguvu. Akaionja yeye kwanza, kikombe kizima, watu wanaona. Bwana akanywa asingoje wageni. Wakahara wote wawili, wageni wanaingia. Bwana akaona haya kusema tamaa yake, akasema ametiliwa sumu. Ndiyo hiyo. Watu wakaacha kunywa kwetu, wakamnyima baba yangu maji, babu akashuka Imbo. Hakutumwa na mtu. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na majembe matatu."

Akakaa. Shangazi wa pili alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa, mabega yanatikisika. Wa tatu akamfuata. Révérien hakucheka, mkaguzi ni mkaguzi.

"Nani alikuambia?"

"Mama mmoja wa Buyenzi. Bibi yangu alimsimulia mwenyewe. Anashona magodoro."

"Ulimpelekea bia?"

Pontien akainamisha kichwa. "Nilimpelekea."

"Alikunywa?"

"Hanywi. Aliniachia kreti nje."

"Basi huyo ndiye shahidi," Révérien akasema. "Wengine wote hao uliotusomea ni wageni wako." Akageukia dada zake. Shangazi mkubwa alikuwa ameacha kukunja kitambaa. "Mtia sumu haanzi kunywa," akasema, na kitambaa kikarudi begani.

"Onja," Révérien akamwambia Pontien.

Pontien akainama kwenye mtungi, akashika mrija, akanywa. Alikunywa zaidi ya kuonja. Kisha akanyooka, na sebule nzima ikamtazama. Hakuna aliyegusa mrija mwingine. Révérien akatazama saa yake. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mbwa wa jirani akabweka akanyamaza.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri, Mzee."

"Tumbo?"

"Vizuri kabisa, Mesye."

Dakika ya tano Révérien akavuta kiti, akashika mrija wake, na shangazi wanne wakasogea. Raïssa akaitwa kutoka chumbani. Valéry aliinua macho kutoka kwenye viatu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita alionekana kama mtu aliyekula.

Mtu angedhani Pontien alipata fundisho. Wapi! Jumatatu alikuwa kwenye meza yake, na kufika Ijumaa ofisi nzima ilikuwa imeshasikia kwamba Barengayabo wa Nyarukere ndiye mtu wa kwanza katika Mugamba kumpinga bwana, tena kwa tumbo lake mwenyewe, kwamba aliijua ile pombe ni mbichi na akainywa makusudi, kama askari. Alianza daftari la pili. Siku ya harusi, walipoulizwa kama kuna mzazi mwenye neno, alivuta pumzi, akashika meza ili asimame. Hakusimama. Concilie alikuwa amekalia nusu ya koti lake tangu supu ilipoletwa, na hakuondoka juu yake mpaka muziki ulipofunguliwa.